Nyeusi Tatu

12 Januari

Mwalimu Mdogo,

Umeniuliza nyumba mpya itakuwaje. Baba yako amenikataza kukueleza kwa sababu anataka akushangaze, lakini mimi ni dada yake mkubwa na simwogopi. Kwa hiyo soma, kisha ujifanye hujui.

Iko ghorofa ya ishirini na sita. Ukitoka kwenye lifti mlango uko mbele yako, mweusi, hauna kitasa. Unausukuma kwa kiganja, unafunguka. Ndani hakuna kitu kinachokupigia kelele. Kuta ni rangi ya mkaa, sakafu ni jiwe jeusi, makabati ya jikoni ni ya mbao nyeusi. Sebule imeshuka kwa ngazi mbili, nazo ni za jiwe lile lile, hivyo ukisimama juu unaona kama maji meusi yaliyotulia. Benchi moja la jiwe, kochi moja, basi. Taa nimezificha darini, na mwanga wake ni hafifu, kama makaa yanayokaribia kuzimika. Watu wanarudi kutoka kazini wamechoshwa na vitu. Nataka baba yako aviache vyote mlangoni.

Nilidhani mama yako atanisumbua. Mtu anauza vitambaa, amezoea maua na rangi za kila aina. Kumbe wifi yangu ndiye mteja bora niliyewahi kumpata. Nilimpelekea sampuli za nyeusi tatu jioni, nikazima taa kubwa ili azione katika mwanga wa nyumba yenyewe. Hakubishana hata kidogo. Alizipapasa kwa vidole, kama anavyopapasa vitambaa vyake, akasema hii. Nikazichanganya, nikamwuliza tena, akasema hii, na safari hiyo alikuwa ameshika nyingine kabisa. Nikajua ananitania. Tulicheka sana.

Nawe niambie chumba chako kiweje. Omba chochote isipokuwa waridi.

Shangazi Penseli


19 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeituma dukani isije ikafika nyumbani. Baba hupenda kusoma barua zangu kwa sauti mezani, na hii si ya mezani.

Shangazi Penseli ameniandikia kuhusu nyumba mpya, na tangu siku hiyo silali vizuri. Sakafu ni nyeusi, ngazi ni nyeusi, benchi ni jeusi, na taa ni hafifu. Anasema ulipochagua sampuli ulichagua hii, kisha ile, naye akadhani unamtania. Mimi najua hukuwa unatania.

Sijasahau jioni ile ya likizo umeme ulipokatika, ukawa unamimina chai pembeni mwa kikombe, ikatiririka mezani hadi mapajani mwako, nawe hukujua mpaka ilipokuunguza. Asubuhi ukanieleza kwamba gizani huoni kabisa, na mchana unaona ya mbele tu, na daktari amesema yataendelea kujifunga kama pazia linalovutwa kutoka pande zote mbili. Ukaniwekea mkono kichwani, nikaapa kutomwambia mtu yeyote kuhusu macho yako. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulikuwa ukifoka mtu akisogeza kiti.

Nyumba ya sasa unaijua. Ile huijui, na imetengenezwa kama vile mtu alikaa akafikiri namna ya kukuangusha. Naomba umwambie Baba kabla jiwe halijawekwa. Mimi niko huku shuleni, siwezi kukaa chini ya ngazi kukudaka.

Binti yako


26 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mlangoni mwa duka, kwenye jua, ambako bado nasoma vizuri kuliko hao wenye miwani. Hii nayo naiandikia hapo hapo, kwa hiyo herufi zikienda kombo ujue mteja amenisukuma kiwiko.

Nitakueleza jambo moja, kisha tusilirudie. Bibi yako, mama yangu, alikuwa na macho haya haya. Kabla watu hawajajua, alikuwa akipika, akishona, akigombana na wauza mkaa. Siku walipojua walimtoa jikoni wakampa kiti cha pembeni. Chakula kikaanza kuletwa kimekatwakatwa kama cha mtoto. Wageni wakawa wanauliza, "Anatumia sukari?" huku wakimwangalia mtu mwingine, na yeye kakaa pale pale, anasikia. Nilikuwa na umri kama wako. Mimi kiti hicho sikitaki.

Baba yako ameiota nyumba hii tangu tulipokuwa tunalala katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Nikimwambia leo, kesho ataiuza, na maisha yangu yote nitakuwa mke aliyemuuzisha nyumba. Mwaka jana kwenye sherehe ya ofisi yao mkurugenzi alininyooshea mkono kutoka pembeni, sikuuona, akabaki nao hewani. Ndani ya gari baba yako akaniambia siku hizi naringa. Nikakubali. Afadhali niitwe mwenye maringo.

Nyumba mpya nitaijifunza kwa goti na kiwiko, kama nilivyojifunza hii. Uliapa, mama. Usinivunjie.

Mama yako


3 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini penseli bado imo kichwani mwako na hujalala nayo tena.

Asante kwa kuniuliza kuhusu chumba. Nimefikiri sana, na ningependa kuomba mambo machache, si ya chumba changu tu. Naomba kingo za zile ngazi mbili ziwe za jiwe jeupe, au la rangi ya maziwa. Naomba taa ziongezwe. Naomba milango iwe na vitasa vinavyong'aa, na benchi lisiwe katikati. Nadhani itapendeza. Mwalimu wetu wa sanaa anasema nyeusi huonekana vizuri zaidi ikiwa karibu na nyeupe.

Chumba changu sijali kitakuwaje, hata ukikipaka waridi.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mdogo


10 Februari

Mwalimu Mdogo,

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya ngazi ya mafundi, nikacheka mpaka fundi wa dari akaniuliza nimeandikiwa na nani. Ukingo mweupe kwenye jiwe jeusi ni sawa na soksi nyeupe kwenye kiatu cheusi. Mwalimu wako wa sanaa mwambie aje kwangu tunywe chai, nimweleze. Nyumba hii nguvu yake ni kwamba jicho halipati pa kushikilia. Nikikupa ukingo, kesho utaomba kitambaa cha kochi chenye nyuzi za kuning'inia.

Hapana, mpenzi wangu. Lakini nimefurahi unafikiri.

Mama yako alikuja kutazama juzi. Alisimama mlangoni muda mrefu, akasema ni pazuri. Alipoanza kuingia akaligonga benchi kwa goti, vizuri tu, nikasikia mimi niliyekuwa jikoni. Akacheka, akasema alikuwa anawaza mambo ya duka. Kisha akasema mengine atayaona siku ya kuhamia. Wifi yangu siku hizi mawazo yake yako mbali. Baba yako naye analalamika.

Jiwe la ngazi linaletwa mwisho wa mwezi. Likishawekwa halitoki bila kuvunja sakafu nzima, kwa hiyo utaniombea liwe limekatwa vizuri.

Shangazi Penseli


14 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nilikuficha jambo. Si kwamba napenda jiwe jeupe. Ni macho yangu.

Taa za bweni zikizimwa sioni kabisa, najigonga kwenye vitanda, wenzangu wananicheka. Mchana naona ya mbele tu. Kwenye mchezo wa mpira, mpira ukitokea pembeni siuoni mpaka unipige. Nyumba hiyo nitaanguka ndani yake. Sitaki kuanguka kila likizo.

Tafadhali weka ukingo mweupe, uongeze taa, uliondoe benchi. Huna haja ya kueleza sababu kwa mtu yeyote. Sema umebadili mawazo. Wewe ndiye mbunifu, watakuamini.

Nakuomba usimwambie Baba wala Mama. Hasa Mama.

Mwalimu Mdogo


22 Februari

Mwanangu,

Shangazi yako alikuja jana jioni na barua yako mkononi, akampa baba yako, naye akaisoma mezani kama anavyozisoma zote, kwa sauti, mpaka alipofika mahali sauti ikamwisha. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko.

Kwa hiyo ndiyo maana likizo ile ulikuwa unaniuliza maswali mengi vile. Ulikuwa unayauliza kwa ajili yako. Nami nikakuwekea mkono kichwani nikakuapisha, kumbe chini ya mkono huo nawe ulikuwa nalo tatizo hili. Bibi yako alinipa mimi, mimi nikakupa wewe. Nilipokuzaa nilikutazama macho kabla ya vidole. Kila mwaka uliopita bila wewe kujigonga nilisema moyoni, limeishia kwangu. Na kwa kuwa nilinyamaza, hakuna daktari aliyewahi kukutazama.

Nimewaambia. Nilisema, "Ni mimi. Limetoka kwangu." Baba yako alisimama akawasha taa zote za nyumba, moja baada ya nyingine, hata ya stoo. Kisha akarudi akakaa. Penseli analia mpaka sasa.

Jumamosi baba yako atakuja kukuchukua akupeleke hospitali ya macho. Usiogope dawa ya matone, inawasha kidogo tu. Nisamehe, mama. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Mama yako


1 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua Baba amekwisha kukwambia, lakini lazima nikwambie mwenyewe. Macho yangu ni mazima. Nilidanganya.

Barua yako niliipata Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi Baba alikuwa ofisi ya matroni, amevaa shati la jana. Nilitaka kumwambia njiani. Kila nilipofungua mdomo alinitazama kama kitu kinachovunjika, nikaufunga. Hospitali waliniwekea kidevu kwenye mashine, nukta za mwanga zikawa zinatokea kila upande, na kila nikiona moja nibonyeze kitufe. Niliziona zote, Mama. Nilikuwa nikitamani nikose hata moja, ili nisiwe mwongo. Kisha nikaogopa kwamba nimetamani kitu kama hicho.

Daktari alisema ni safi. Kwa kuwa liko katika ukoo, ametaka nipimwe kila mwaka, kwa sababu huweza kuchelewa kuanza. Ndipo nikamwambia Baba kila kitu, kwenye maegesho.

Akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

Nikasema tangu likizo.

Akasema, "Na mimi nalala naye chumba kimoja." Baadaye akauliza kuhusu ule mkono wa mkurugenzi, kama na siku ile hukuuona. Nikamwambia hukuuona. Akaweka paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

Niliapa kutomwambia mtu kuhusu macho yako, na sikumwambia mtu. Nilisema ya kwangu. Nilijiona nina akili sana. Sikufikiri hata mara moja kwamba utaniamini na utadhani ni wewe uliyenipa. Kitu hicho ndicho kinachoniamsha sasa.

Binti yako


9 Machi

Mwalimu Mdogo,

Nilikukasirikia mpaka nikavunja penseli mbili. Baadaye nikakumbuka zile sampuli. Nilimkalisha mtu gizani, nikampa rangi tatu asizoziona, nikacheka. Basi hasira ikageuka upande wangu, na huku imekaa.

Jiwe la ngazi nimelizuia kabla halijapanda lifti. Kisha nikamwomba wifi twende juu sisi wawili tu, jioni, anionyeshe. Mlangoni nilimshika mkono. Akaniambia, "Penseli, ukinishika nashuka na lifti." Nikamwachia. Akatembea polepole, akaniambia hapa napotea, hapa sipotei. Kumbe nyeusi si adui yake. Adui ni nyeusi juu ya nyeusi. Kwa hiyo ngazi zitakuwa na ukingo wa rangi ya maziwa, wote, kutoka ukuta hadi ukuta. Taa ndogo zitapita chini, kandokando ya kuta. Juu ya meza ya jikoni kutakuwa na jiwe jeupe ili kikombe cheusi kionekane, na milango itakuwa na vitasa vya shaba. Benchi limekwenda ukutani. Nilimwuliza kuhusu ule utupu, nikitegemea atanichambua. Akasema hapo tu ndipo nilipopatia, kwa sababu hakuna vimeza vya kumtafuna miguu. Soksi nyeupe kwenye kiatu cheusi, na inapendeza. Usimwambie mtu nimekiri.

Hilo ndilo jema. Baya ni nyumbani. Baba yako amekuwa kivuli chake. Anamfuata mpaka mlango wa choo. Ameajiri msichana wa kumwongoza dukani, wifi akamfukuza. Mezani anamkatia nyama. Juzi nilimwuliza wifi kama anaongeza chumvi, baba yako akajibu yeye. Wifi aliweka uma chini na hakula tena. Hawagombani. Hawaongei kabisa. Amesema haendi kuhamia ng'o, bora abaki nyumba anayoijua au alale dukani wengine wakihama.

Wewe hajakuandikia, najua. Mpe muda.

Shangazi Penseli


16 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Hii ni ya mezani. Naomba uisome kwa sauti Mama akiwepo, na usiruke mstari.

Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini unasoma barua kwa sauti, ukasema kitu kilichoandikwa kwa nyumba lazima nyumba isikie. Basi nyumba isikie.

Bibi, mama yake Mama, watu walipojua kuhusu macho yake walimkalisha kwenye kiti cha pembeni, wakamkatia chakula, wakawauliza wengine kama anatumia sukari. Mama alikuwa na umri wangu na aliyaona hayo. Hakuogopa giza, Baba. Aliogopa kiti hicho. Ndiyo maana alikubali umwite mwenye maringo.

Sasa unamkatia nyama. Najua ni kwa upendo, kwa sababu nilikuona kwenye usukani. Lakini ukimkatia nyama atabaki nyumba ya zamani peke yake, na kosa litakuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyelitoa jambo hili kwa hila. Mama aliyafanya yote peke yake miaka yote hiyo na hakuna aliyejua. Bado ni yule yule. Muulize yeye kuhusu chumvi.

Mama, najua bado hutaki kuniandikia. Nakusalimu hapo ulipokaa.

Binti yenu


6 Aprili

Mwanangu,

Baba yako aliisoma yote. Hakuruka mstari, ingawa mahali pa usukani alikohoa sana. Alipomaliza alisukuma sahani yake ikaja upande wangu wa meza, na kisu juu yake. Akasema, "Nikatie na mimi." Nilimkatia vibaya makusudi, vipande vingine vikubwa kama sabuni. Akavila vyote. Kwa mara ya kwanza tangu taa ziwashwe tulicheka, halafu tukagombana mpaka chai ikapoa, ugomvi mzuri, wa watu wawili. Ameahidi kutonifuata. Anasahau. Nikimsikia nyuma yangu nasema "kivuli," anarudi.

Tumehama wiki iliyopita. Naandika nikiwa kwenye dirisha kubwa. Mji wote uko chini, nami nauona kipande kipande, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari amesema bomba litaendelea kuwa jembamba. Sikudanganyi kuhusu hilo, na wewe usinidanganye tena kuhusu chochote. Siku zile kabla hujapimwa sitaki kuzizungumza. Hasira yangu kwako haijaisha. Huenda siku moja nikaona ulifanya vyema, lakini siku hiyo bado.

Ngazi zina ukingo wake. Jioni, taa za chini zikiwaka, naona mistari miwili myeupe imelala kwenye weusi, na najua dunia inashuka wapi. Jana nilimpelekea baba yako kikombe cha chai kutoka jikoni mpaka kwenye kochi. Alikuwa ameshika gazeti juu chini kwa kuogopa kunitazama. Haikumwagika.

Penseli ametaka kujua kama na chumba chako kiwe na kingo nyeupe. Nimemwambia aweke. Utapimwa kila mwaka, na mimi nitakaa nje ya mlango kila mwaka, basi acha ziwepo.

Ukija likizo usinisubiri kwenye lifti. Usije kunishika mkono mlangoni. Nenda ukakae chini sebuleni, kwenye kochi, kisha niite mara moja tu. Nitakuja.

Mama yako